Saa ya Kiunoni

Mwenyekiti wetu wa kijiji nilimchukia kabla hajanipa sababu ya maana. Nilichukia alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema, kana kwamba maneno yake yanahitaji kupigiwa hodi. Nilichukia kofia yake. Nilichukia hata kivuli chake kikipita mlangoni petu. Baadaye aliponipa sababu, chuki ikapata pa kukaa, ikavuta kigoda, na haijanyanyuka mpaka leo. Kwa hiyo anayesoma hapa asinitegemee nimwonee huruma mtu huyu. Nitasema kweli, lakini nitaisema kwa hasira yangu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mahurunga, karibu na pale maji ya Ruvuma yanapoanza kuonja chumvi. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye mikorosho yake. Ikaja amri tukae pamoja, tukapangwa mistari miwili kando ya barabara, na mikorosho yetu tukaiacha nyuma, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, ikamezwa na magugu. Sisemi ujamaa ulikuwa mbaya. Tulipata shule, tulipata kisima, na mimi mwenyewe niliimba nyimbo zake kwa moyo. Ila jambo zuri likipita mkononi mwa mtu mchoyo, huja kwako limeshapungua.

Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nikawa naishi na mdogo wangu. Mume wake alikuwa kuli Bandari ya Mtwara, anapakia magunia ya korosho melini, anarudi nyumbani meli zikiisha. Mdogo wangu alikuwa na binti anayetambaa, na tumboni alikuwa na mwingine. Na alikuwa na safura. Wa kwetu tunaijua safura bila kupimwa: viganja vyeupe, kope kwa ndani nyeupe, mtu anatoka kisimani na ndoo moja anakaa chini njiani mara mbili tatu. Yeye alikuwa akikaa chini anacheka, ananiambia, "Dada, nenda tu, mimi natazama mandhari." Mandhari gani, wakati pale njiani palikuwa na kichuguu tu.

Mwaka ule mvua zilitukimbia. Mpunga wa bondeni ulikauka ukiwa na mimba. Tukarudia ming'oko, mizizi ya porini inayotuokoa sisi watu wa kusini njaa ikibisha, na serikali ikaleta unga wa njano wa msaada. Unga uliwekwa kwenye ghala la kijiji, na ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwa mwenyekiti. Kila Ijumaa baada ya swala tulipanga mstari na vyombo vyetu, yeye akipima kwa kibaba.

Ndipo akaja daktari. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, asiyejua utani hata kidogo. Alikuja na vidonge vipya vya safura, na alisema wazi mbele ya mkutano kilichomleta. Wakubwa wake walitaka uthibitisho kwanza: kweli vidonge hivi vinamrudishia mtu nguvu, au ni porojo za wauza dawa? Vikithibitika, vitaletwa kwa kila mgonjwa, kuanzia kijijini kwetu. Visipothibitika, anafunga mzigo anaondoka navyo. Mimi niliposikia hivyo nikamtazama mdogo wangu pale mkekani. Wengine walikuwa wanafikiria vijiji vya pwani nzima. Mimi nilikuwa nafikiria mtu mmoja.

Alituambia pia kwamba wagonjwa watagawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja litameza vidonge kutoka kopo la buluu, kundi la pili kutoka kopo la kijani. Kopo moja lina dawa, jingine lina vidonge vya unga mtupu, vya kulinganishia. Lipi ni lipi, hata yeye hajui; siri iko Dar es Salaam, itafunguliwa mwisho. Watu wakakubali, kila mmoja akiamini moyoni kwamba kopo lake ndilo lenye dawa. Mdogo wangu aliangukia kopo la kijani.

Sasa, utajuaje kama mtu amepata nguvu? Daktari alikuwa amejaribu kuuliza. Alipita nyumba hadi nyumba: "Hujambo, mama?" "Sijambo." "Hali yako?" "Nzuri." "Homa, uchovu?" "Salama tu, mwanangu, labda wewe." Mama mmoja alimjibu salama akiwa ameegemea ukuta ili asianguke. Ndivyo tulivyolelewa, hali mbaya haimwagwi mbele ya mgeni. Daktari akaniambia, bila kucheka, "Nyinyi watu mna adabu mno kwa utafiti." Kwa hiyo akaleta mashine zisizo na adabu: vyombo vidogo vya mviringo mfano wa saa za mfukoni, vyenye mshale. Mtu akivaa kiunoni, kila anaposogea mshale unasogea. Akilala, nao unalala. Alizipa jina lake la kitaalamu, lakini sisi tuliziita saa za kiunoni.

Zilikuja na mikanda ya ngozi ya kuzivalia. Wanaume wakavaa. Wanawake wakakataa katakata, maana kiuno cha mwanamke wa kwetu kina shanga zake, na shanga hazikai pamoja na ngozi ya ng'ombe. Nikawaambia, basi tundikeni kwenye uzi wa shanga. Wakakubali. Hapo daktari akapata tatizo jipya: nani ataisoma saa iliyotundikwa kwenye shanga? Si yeye, na si karani wake. Ndivyo nilivyopata kazi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, na nilikuwa nawatafsiria wale kina mama waliokuwa na Kimakonde tu. Kila Alhamisi nilikaa nyuma ya jamvi lililotundikwa kama pazia, mwanamke anaingia, nasoma mshale, naita namba kwa sauti, karani anaandika upande wa pili, kisha narudisha mshale mwanzo. Daktari na karani walikuwa wakija asubuhi kwa Land Rover na kurudi Mtwara mjini jioni ile ile.

Na upande ule wa pili wa jamvi, karibu kabisa na karani, mwenyekiti aliweka kiti chake. Alisema anaangalia usalama. Nilidhani ni umbea tu.

Ijumaa ya kwanza, mstarini, mdogo wangu akanyoosha beseni lake. Mwenyekiti akakohoa.

"Saa yako jana ilisema nini?"

"Sijui, Ndugu Mwenyekiti. Kasoma dada."

"Mimi najua. Ilisema umelala wiki nzima. Mvivu hana maficho tena hapa kijijini, sasa tuna mashine. Asiyefanya kazi na asile. Wewe nakuonea huruma, nakupa nusu."

Akampimia nusu kibaba. Mimi nilikuwa nyuma yake mstarini. Nikamwambia mwenyekiti kwamba huyu ni mgonjwa, kwamba saa zile zimeletwa kupima ugonjwa, si kazi. Akanijibu kwamba mgonjwa hukaa hospitali, anayekaa kijijini ni mfanyakazi, na kama nina ujuzi zaidi ya chama niuseme hadharani. Watu wakatazama chini. Kila mmoja alikuwa na beseni mkononi, na mwenye beseni tupu hagombani na mwenye ufunguo.

Kuanzia hapo kijiji kiliingiwa na wazimu. Kulikuwa na kiwango kichwani mwa mwenyekiti. Ukikifikia unapata kibaba kizima, usipokifikia unapata nusu. Mama mmoja alifunga saa yake kwenye mchi akawa anatwanga hata kinu kikiwa kitupu. Mwingine alimvisha binamu yake aliyekuwa anakwenda kucheza ngoma ya harusi. Mzee mmoja aliifunga kwenye gurudumu la baiskeli ya shemeji yake, saa ikafia njiani. Hao walikuwa wanyonge, waliokuwa wanatafuta kufika. Na wale wenye nguvu zao, wakishahisi wametosha, walilala chali mpaka Alhamisi. Mwenyekiti alichora mstari wake, na kijiji kizima kikajisogeza pale pale kwenye mstari, wa buluu kwa wa kijani.

Mdogo wangu hakufunga saa yake popote. Alikuwa na ugonjwa mwingine uliokuwa haupimwi: ukweli. "Daktari kasema kila mtu avae ya kwake," aliniambia, na hapo kwa heri. Nilimwambia nipe niivae mimi, ninazunguka kutwa. Akakataa. Nilimgawia unga wangu. Ukaliwa ukaisha, maana nusu ya mtu na kibaba cha mwingine havitoshi nyumba yenye mtoto na mimba. Basi akaamua kuifikia namba kwa miguu yake. Akawa anatembea barabarani, kutoka msikitini mpaka ghalani, kutoka ghalani mpaka msikitini, tumbo mbele, mkono kiunoni, jua la kusini linawaka. Anakaa chini, anainuka, anakwenda tena. Mwenyekiti alikuwa akikaa barazani kwake akimwona. Siku moja nilimsikia akimwita kwa sauti ya kuridhika: "Haya, umeona? Kumbe unaweza."

Neno hilo nimelibeba miaka yote. Kumbe unaweza.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kiume, mzuri, ana nywele nyingi, na hakuwa na pumzi. Tulimzika nyuma ya nyumba. Baba yake alifika kutoka bandarini siku ya pili yake, akakaa kizingitini na nguo zake za vumbi la korosho mpaka giza. Mdogo wangu alilala wiki ile nzima, na saa yake ikalala naye kwenye msumari ukutani. Alhamisi nilisoma mshale wake, nikaita namba ndogo kuliko zote.

Ijumaa nikaenda ghalani na mabeseni mawili. Mwenyekiti akanijazia langu. La mdogo wangu akatia nusu kibaba, akapangusa juu kwa kiganja ili isizidi. Akasema, "Mpe pole yangu." Nilipokea unga ule kwa mikono miwili. Nilisema ahsante. Na pale pale, nikiwa nimeinama, nikaapa moyoni kwamba mtu huyu nitamla nyama, iwe kwa mwezi au kwa miaka.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza daktari kila kitu. Alisikiliza amesimama. Kisha akaenda kumuuliza mwenyekiti, nami nikiwapo. Mwenyekiti akashangaa kwa uso mzima. Unga? Saa? Haijapata kutokea. Akaita wajumbe wake, mmoja baada ya mwingine wakasema haijapata kutokea. Daktari akawauliza watu waliokuwa pale, na watu wakasema salama, daktari, kila kitu salama. Adabu ile ile.

Nikamwambia daktari azifute zile namba, aanze upya. Akaniketisha chini.

"Dada, nisikilize. Watu hawafanani. Hata nisipompa mtu dawa yoyote, kundi moja litalizidi jingine kidogo, kama vikapu viwili vya korosho za shamba moja visivyolingana uzito. Kazi yangu ni kujua kama tofauti ya makundi yangu ni kubwa kuliko ile inayoletwa na bahati. Nikianza kufuta namba kwa sababu hazinipendezi, au kwa sababu mtu mmoja ameniambia nizifute, sitakuwa napima tena. Nitakuwa natunga. Nahitaji ushahidi. Yeye mwenyewe akikiri, au kijiji kikisema, nitafuta zote."

Nilimchukia daktari siku nzima kwa maneno hayo. Kesho yake nikamwelewa, na kumwelewa kukanikasirisha zaidi. Alikuwa ananiambia kwamba dawa ya mdogo wangu iko mdomoni mwa mwenyekiti, na ule mdomo haufunguki.

Daktari akaenda Dar es Salaam na namba zake. Akarudi baada ya muda na taarifa kwamba ataitisha mkutano wa kufunga kazi. Karani ndiye aliyeninong'oneza matokeo: siri imefunguliwa, buluu ndiyo ilikuwa dawa, kijani unga, na makundi yametoka sawasawa, mtu asiyejua angesema wote walimeza kitu kimoja. Dawa inarudishwa. Nilirudi nyumbani nikamkuta mdogo wangu amekaa katikati ya ua na ndoo ya maji, ameshindwa kuifikisha ndani. Hakucheka siku hiyo. Alisema, "Dada, mimi nachoka mpaka kupumua." Nilijua bila vidonge vile sitamaliza naye mwaka.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikuwa nimepata njia. Mkutano wa kufunga ungehudhuriwa na kiongozi kutoka wilayani, na kila mtu alijua kiongozi huyo alikuwa anazunguka akitafuta kijiji cha mfano. Mwenyekiti wetu alikuwa anautaka mfano ule kama mtoto anavyotaka maziwa. Na mtu mchoyo wa unga mara nyingi ni mlafi wa sifa. Nikasema, haya, nitakupikia.

Nikachukua jogoo wetu wa mwisho, nikaenda kwake. Nilipiga magoti uani, mbele ya wake zake, nikamwomba radhi. Nilimwambia nilikosea kumsema kwa daktari, uchungu wa msiba ulinitoa akili. Nikamwambia nimesikia daktari mwenyewe anastaajabu jinsi watu wa hapa walivyosogea, hata wagonjwa, na kwamba kiongozi wa wilaya akijua siri ya bidii ile atatutangaza mkoa mzima. Nikasema, tatizo lako, Ndugu Mwenyekiti, wewe ni mnyenyekevu, hujisemi. Kisha akakohoa, akapokea jogoo, akasema kina mama kama mimi ndio wanaojenga nchi. Nilimvika kilemba cha ukoka, akauliza kama kimekaa sawa.

Kutoka pale nikaenda kwa kina mama, nyumba moja moja. Kusema mbele ya mwenyekiti waliogopa. Kuimba hawakuogopa, mwanamke wa kwetu husema kwa wimbo yale ambayo angepigwa kwa kuyasema kwa maneno. Nikawaambia hatumsemi vibaya. Tunamsifu. Wakanielewa kabla sijamaliza, nikaona meno ambayo sikuyaona tangu njaa ianze.

Siku ya mkutano mwenyekiti alivaa shati jipya. Mgeni wa wilaya alikaa katikati, daktari kulia kwake. Daktari akasimama kwanza akasema kwa kifupi: tumelinganisha makundi mawili, tofauti iliyopo ni ndogo, bahati peke yake inatosha kuileta, siwezi kusema dawa imefaa. Watu wakapiga makofi, maana tulizoea kupiga makofi mgeni akimaliza. Mdogo wangu alikuwa mbele, mkekani. Yeye hakupiga.

Kisha kina mama tukaingia, tunacheza, vigelegele, ngoma mbili, tunaimba kwa Kimakonde.

*Mwenyekiti wetu ana jicho la saa,*
*Mvivu akilala, kibaba anakikosa.*
*Nusu kwa aliyelala, nusu kwa aliyezaa,*
*Mwenyekiti wetu, mfano wa mkoa.*

Tukarudia, tukamzunguka, tukamtupia kanga mabegani. Mgeni akatabasamu, akauliza wimbo unahusu nini. Mwenyekiti hakuweza kungoja niutafsiri. Akasimama, akakohoa.

Akasema kwamba wataalamu walileta saa, lakini yeye ndiye aliyeona matumizi yake. Akaeleza jinsi alivyokaa kila Alhamisi kusikiliza namba. Akaeleza kiwango chake. Akaeleza nusu kibaba, na jinsi mpaka waliojidai wagonjwa walivyoinuka. "Huyu hapa," akasema, akimnyooshea kidole mdogo wangu, "huyu alikuwa halimudu hata jembe. Nilimpunguzia unga, mkamwona wenyewe anatembea barabara nzima na tumbo lake." Alikuwa anang'aa. Sijapata kuona mtu akijichimbia kwa furaha namna ile.

Daktari alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulipunguza unga kwa kufuata saa zangu?"

"Tangu wiki ya kwanza, daktari. Kwani mimi nalala?"

"Nilipokuuliza ulisema haijapata kutokea."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akamtazama mgeni ili wacheke pamoja. Mgeni hakucheka. Mgeni aliuliza swali moja tu, taratibu: "Ndugu Mwenyekiti, unga huu wa msaada huja kamili kwa kila mtu. Ile nusu uliyokuwa unabakiza, ilikwenda wapi?"

Akakohoa. Akakohoa tena. Kina mama tulikuwa tumesimama pale pale na kanga zetu. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye shati jipya, na mimi nililitazama likishuka, tone kwa tone, na nilifurahi. Nasema nilifurahi. Wapo wanaosema kisasi hakina ladha. Hao hawajakionja kikiwa cha moto.

Ghala likafunguliwa siku ile ile. Ufunguo ukatoka shingoni mwake ukapewa kina mama watatu, na kabla mwezi haujaisha uenyekiti nao ukamtoka. Daktari hakufunga mzigo. Alifuta namba zote, kama alivyoahidi, akaanza upya kwa kuyageuza makundi, jambo tulilolijua mwishoni: waliomeza unga sasa wameze dawa, na waliomeza dawa wameze unga. Makopo yalipakwa rangi nyingine ili tusijue. Unga wa chakula ukapimwa sawa kwa wote, na hakuna aliyeweka kiti karibu na karani.

Sikuhitaji siri ya Dar es Salaam kufunguliwa. Nilikuwa nikimvuta mdogo wangu kope ya chini kila Alhamisi nyuma ya jamvi, na Alhamisi moja nikaona wekundu, hafifu, mfano wa bibo la mkorosho linaloanza kuiva. Nikakaa chini pale pale nikalia, karani anauliza namba ni ngapi. Mwishoni daktari alirudi akatuambia kwamba safari hii tofauti ni kubwa mno, bahati haiwezi kuileta peke yake. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili nusura atabasamu. Vidonge vikaja kwa kila mtu. Mdogo wangu akawa anabeba ndoo mbili, hakai njiani.

Ungedhani hapo ningeridhika. Sikuridhika. Yule mtu alirudi kuwa mkulima kama sisi, na kwa miaka mingi hakupita mbele ya nyumba yetu bila kusikia wimbo wake. Nikitwanga, niliuimba. Nikipeta, niliuimba. Watoto waliozaliwa baadaye waliujua bila kujua ni wa nani. Alibadilisha njia ya kwenda msikitini; nikabadilisha mahali pa kutwangia. Mdogo wangu hakuimba nami hata siku moja. Akimkuta njiani alimwamkia, na watu wakamsifu kwamba ana moyo safi, si kama dada yake.

Mwenyekiti huyo wa zamani alipokufa, kabla ya mazishi, mwanawe mkubwa alipita nyumba hadi nyumba kumwombea radhi marehemu, kama ilivyo ada. Kila nyumba ilisema tumemsamehe, Mungu amsamehe. Alipofika kwetu tulikuwa tumekaa tunamenya muhogo. Akavua viatu, akachuchumaa, akasema maneno yake vizuri, kijana mwenye heshima. Macho yake yalikuwa kwangu mimi. Alikuwa amejiandaa kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa nimejiandaa, maneno yangu nilikuwa nimeyanoa kwa miaka.

Mdogo wangu akaniwekea mkono gotini ninyamaze.

"Mwanangu," akamwambia, kwa sauti ile ile ya kuamkia watu njiani, "mimi sina neno na baba yako. Ila yeye sasa anakwenda aliko mtoto wangu. Akamwombe radhi yeye. Mtoto akimsamehe, na mimi nimemsamehe."

Kijana akanitazama, pengine alitumaini mimi nitalainisha.

"Umesikia," nikamwambia.

Akavaa viatu vyake akaenda kumzika baba yake, na sisi tukaendelea kumenya muhogo.